Uchambuzi wa kisa: Bingwa wa Marekani aliyerudi Ulaya akakosa hata alama moja

## Kisa kwa ufupi

Mwishoni mwa 1995 dereva mmoja wa Kiitaliano alivuka Atlantiki akiwa hana kiti cha mbio Ulaya. Alikaa Marekani misimu mitatu, akaondoka na mataji mawili ya CART, ligi iliyokuwa ikiendeshwa kwa magari ya magurudumu wazi yenye injini za turbo. Mbio zake za mwisho kule zilikuwa Novemba 1998. Machi 1999 alikuwa Melbourne, kwenye mstari wa kuanzia wa langalanga (Formula 1), ndani ya gari la timu iliyotwaa ubingwa wa dunia 1997. Msimu ulipoisha alikuwa ameanza mbio 16 na kupata alama sifuri. Mwenzake wa timu, mwenye gari lilelile, alikusanya 35.

Kati ya Novemba na Machi ni miezi minne, na hakuna bingwa anayesahau kuendesha kwa miezi minne. Kwa hiyo kisa hiki hakihusu kipaji. Kinahusu vitu alivyoviacha Marekani siku alipopanda ndege, vitu ambavyo hata yeye pengine hakujua kwamba ndivyo vilivyokuwa vikimbeba.

Majina ya dereva, timu na wahandisi waliohusika yameondolewa. Miaka, viwanja na hesabu vimebaki, kwa sababu bila hivyo hakuna cha kujifunza. Anayefuatilia mbio kwa karibu atamtambua, na hilo halina neno. Tulichotaka ni macho yabaki kwenye maamuzi.

## Usuli

Alianzia kwenye karti, vigari vidogo vya mashindano, kama Waitaliano wengi wa kizazi chake. Mwaka 1991 alimaliza wa pili katika ligi ya kimataifa ya F3000, ngazi iliyokuwa chini ya langalanga, na mwaka huohuo akapewa mbio tatu za mwisho wa msimu katika langalanga yenyewe. Mwaka uliofuata aliitwa mara tatu kuziba nafasi ya dereva aliyeumia, akafanikiwa kufuzu mara moja tu. 1993 alipata kiti cha kudumu katika timu ya Uingereza yenye historia kubwa na mfuko mdogo. Alipata alama moja, Brazil. Agosti alipata ajali mbaya ya mazoezi Spa, Ubelgiji, kwenye kona ya Eau Rouge, msimu ukaishia hapo. Alirudi 1994 katika timu ileile ikiwa inaelekea kufilisika, na kabla ya 1995 kuanza timu haikuwepo tena.

Jumla: mbio 25, alama moja. Mtu asiyejua magari aliyopewa akisoma hesabu hiyo, faili analifunga. Ndivyo Ulaya ilivyomsoma.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania wanawajua Waitaliano zaidi kwa Safari Rally, ambako Miki Biasion alishinda 1988 na 1989 akiwa na Lancia. Tofauti na kisa chetu ni kubwa. Biasion alikuja Nairobi na timu ya kwao, mafundi wa kwao na gari la kwao lililotayarishwa kwa ajili ya njia hizo. Dereva wetu alikwenda Marekani na kofia yake tu.

## Uamuzi wa kwanza: kuvuka bahari

Aliyemfungulia mlango alikuwa mtu wa mauzo wa kampuni iliyotengeneza chasi za magari ya CART. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa imetengeneza gari la F3000 ambalo dereva alilipeleka nafasi ya pili 1991. Mtu huyo alijua kitu ambacho jedwali la langalanga halikukionyesha: kwamba ukimpa dereva huyu gari linaloweza kushinda, analishindia. Alimpendekeza kwa mwenye timu ya Marekani, majaribio yakafanyika Homestead, Florida, mkataba ukasainiwa. Dereva alikuwa na miaka 29.

Wakati huo timu ilikuwa inabadilisha vitu viwili kwa mpigo kwa msimu wa 1996: injini kutoka Ford kwenda Honda, na tairi kutoka Goodyear kwenda Firestone. Wengi wangeona hiyo ni hatari kwa mgeni. Kwa maoni yetu ilikuwa bahati yake kubwa, na ndilo jambo la kwanza la kuliangalia katika kisa hiki. Timu inapobadilisha injini na tairi pamoja, daftari la zamani la vipimo linakuwa karatasi tu. Springi zilizokuwa sawa mwaka jana si sawa tena, presha za tairi si sawa, uwiano wa breki mbele na nyuma si sawa. Wenyeji nao wanaanza moja. Mgeni anayeingia siku hiyo hajachelewa, na anachokisema kuhusu gari kinaandikwa kwenye daftari jipya, si kulinganishwa na la mtangulizi wake.

Jambo la pili lilikuwa mhandisi wake wa mbio, Mwingereza mtu mzima aliyewahi kuwa na timu yake ya langalanga miaka ya 1970 na baadaye akafanya kazi Marekani kwa muda mrefu. Alijua lugha zote mbili, ya Ulaya na ya Marekani, kwa maana ya magari. Dereva aliposema pua ya gari inakataa kuingia kona, mhandisi alijua dereva wa Ulaya analinganisha na nini.

Gari lenyewe lilikuwa hivi: injini ya V8 ya lita 2.65 yenye turbo, ikinywa methanoli, nguvu za farasi zaidi ya 800. Uzito takriban kilo 700 kabla dereva hajakaa. Gia za kusukuma kwa mkono, mbele na nyuma, badala ya vibao nyuma ya usukani. Kwenye viwanja vya kona nyingi, diski za breki zilikuwa za chuma. Tairi zilikuwa laini kabisa, bila mifereji. Mbio zilianza magari yakiwa kwenye mwendo. Na kila gari lilipewa methanoli kwa kipimo kulingana na urefu wa mbio, hivyo dereva alipaswa kujua kuokoa: kuachia mafuta mita kadhaa kabla ya pale pa kukanyaga breki, gari lijisukume lenyewe, kisha breki. Anayeweza kufanya hivyo bila kupoteza muda anachelewa kuingia kituoni kujaza mafuta, na mbio nyingi za CART ziliamuliwa hapo.

## Misimu mitatu

Kigumu zaidi kwa Mzungu wa Ulaya kilikuwa viwanja vya duaradufu. Huko gari linageuka kushoto tu. Tairi ya nyuma ya kulia huwekwa yenye mzingo mkubwa kidogo kuliko ya kushoto, ili gari lenyewe lipende kwenda kushoto; kwenye sehemu iliyonyooka dereva analivuta usukani kidogo kulia ili liende sawa. Uzito husambazwa kwa pembe, gurudumu la mbele la upande mmoja na la nyuma la upande wa pili, kwa kukaza au kulegeza springi. Ndani ya gari kuna vishikizo viwili vya kukaza na kulegeza vyuma vinavyozuia gari kulala kwenye kona, cha mbele na cha nyuma, na dereva anavicheza kadiri mafuta yanavyopungua na tairi zinavyochakaa. Juu ya jukwaa kuna mtu mwenye redio anayemwambia nani yuko ubavuni, kwa sababu kwa kasi ya kilomita 350 kwa saa huwezi kugeuka kutazama. Kosa la kawaida la wageni ni kungoja mkia uanze kutoka ndipo warekebishe, kama wanavyofanya kwenye kona za kawaida. Kwenye duaradufu mkia ukishaanza kutoka, kinachofuata ni ukuta.

Dereva wetu hakujifanya anajua. 1996 alishinda mara tatu, Portland, Mid-Ohio na Laguna Seca, na zote tatu ni viwanja vya kona za kushoto na kulia. Alimaliza na alama 132, sawa na aliyeshika nafasi ya pili, akawekwa wa tatu kwa kuwa mpinzani huyo alishinda mbio nyingi zaidi. Ushindi wa kwanza kwenye duaradufu ulikuja Julai 1997, Michigan, mbio za maili 500, msimu mzima na nusu tangu aanze. Huo ndio muda halisi wa kujifunza kitu kipya hata kwa mtu wa kipaji chake, ndani ya timu bora, na mhandisi anayemwelewa. Tutaurudia muda huo chini.

Ushindi wa Laguna Seca 1996 unastahili sentensi zake kwa sababu unaonyesha silaha aliyoitegemea. Mzunguko wa mwisho, akiwa wa pili, alichelewesha breki kuliko mtu yeyote alivyodhani inawezekana kabla ya Corkscrew, kona pacha inayoshuka takriban mita 18. Akampita wa mbele, akatoka nje ya lami kwenye vumbi, akarudi akiwa anaongoza. Uhodari wa kuchelewesha breki ndio uliokuwa jina lake Marekani.

1997 alishinda mara tano, zikiwemo tatu mfululizo: Michigan, Mid-Ohio na Road America. Ubingwa, alama 195. Cleveland mwaka huo aliadhibiwa, akarudishwa nyuma kabisa, na bado akashinda. 1998 alishinda mara saba, nne kati ya hizo mfululizo, akamaliza na alama 285 dhidi ya 169 za wa pili, aliyekuwa mwenzake wa timu. Tofauti ya alama 116 katika ligi ambayo mshindi wa mbio alipata 20 si ubingwa wa kubahatisha.

## Uamuzi wa pili: kurudi

Timu ya Uingereza iliyomtaka ilikuwa miongoni mwa zile kubwa. Alikuwa na miaka 32, dirisha la langalanga lilikuwa linafungwa, na zile mbio 25 zenye alama moja bado zilikuwa zinamkera. Kurudi kulikuwa na mantiki.

Upande wa pili wa mizani ulikuwa na mambo manne, na yote yalijulikana siku ya kusaini. Timu ilikuwa inatumia injini za kununua huku ikimsubiri mtengenezaji mpya aliyetarajiwa 2000, kwa hiyo 1999 ulikuwa mwaka wa kungoja. Kanuni zilikuwa zimebadilika kabisa tangu aondoke: tangu 1998 upana wa magari ulikuwa umepunguzwa kutoka mita 2 hadi mita 1.8 na tairi zilikuwa na mifereji. Breki zilikuwa za kaboni. Na mhandisi wake alibaki Marekani.

## Msimu wa 1999

Melbourne alitoka kwa ajali. Imola aliteleza nje ikiwa imebaki mizunguko michache, akahesabiwa wa 11. Monaco alimaliza wa 8. Katikati ya msimu gari lilimkatikia mara kwa mara. Austria redio iliharibika, hakupata wito wa kuingia kujaza, akaishiwa mafuta njiani. Kati ya mbio 16, kumi hakumaliza.

Msimu ulipokuwa umeendelea timu ilikubali ombi lake na kumfungia diski za chuma. Spa akawa wa 8. Monza, mbele ya watu wake, alifuzu wa nne kwenye mstari wa kuanzia, nafasi moja mbele ya mwenzake. Siku ya mbio mwenzake alimaliza wa pili, yeye wa 7. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake bora ya mwaka.

Mwisho wa msimu mkataba, uliokuwa na miaka zaidi mbele yake, ulivunjwa kwa malipo.

## Uchambuzi

### Breki

Hapa ndipo kisa kilipo, kwa hiyo tutakaa.

Diski ya chuma huuma tangu ikiwa baridi, na huuma kwa kadiri unavyokanyaga. Ukiongeza mguu inaongeza, ukipunguza inapunguza, na mguu unapata taarifa wakati wote. Dereva anaweza kuingia kona akiwa bado amekanyaga kidogo, akitumia breki kuiweka pua ya gari chini ili igeuke. Kwa gari zito la CART, ambalo eneo lake la breki ni refu, kuna nafasi ya kutosha ya kuhisi na kurekebisha. Mtu mwenye mguu mwepesi wa kuhisi anachelewa mita kumi kuliko mwenzake kwa sababu anajua hasa mshiko uliobaki.

Kaboni haifanyi kazi hivyo. Chini ya takriban nyuzi 400 za Selsiasi huuma kidogo mno. Ikishapata joto huuma ghafla na kwa nguvu kubwa. Kwa hiyo mguu lazima upige mara moja, kwa nguvu zote, kule juu kwenye kasi, kisha uanze kuachia. Sababu ni hewa. Nguvu ya hewa inayolikandamiza gari chini inakwenda na mraba wa kasi: ukishuka kutoka kilomita 300 kwa saa hadi 150, imebaki robo. Maana yake tairi zina mshiko mwingi kabisa katika sekunde ya kwanza ya breki, na unapungua kila mita. Dereva wa langalanga anaitumia sekunde hiyo ya kwanza yote. Anayeongeza mguu polepole, kama mtu wa chuma, ameitupa, na anapofika kwenye nguvu kamili hewa imeshapungua, gurudumu linafunga.

Ukiweka michoro ya presha ya breki ya watu wawili hawa, mmoja juu ya mwingine, huhitaji kuambiwa nani ni nani. Wa kaboni unapanda wima kama ukuta kisha unashuka kama mteremko. Wa chuma unapanda kwa mshazari na kukaa tambarare. Huo ndio mchoro ambao timu yoyote inapaswa kuutoa siku ya kwanza ya majaribio ya dereva anayetoka ligi nyingine, na kuufanyia kazi kona kwa kona kabla ya kugusa springi hata moja. Ukianza na springi, utalibadilisha gari kutibu ugonjwa ulio mguuni.

Sasa, je, kumfungia diski za chuma ilikuwa dawa? Kwa maoni yetu ilikuwa huruma iliyokuja vibaya. Diski za chuma ni nzito kuliko za kaboni, na uzito huo unakaa kwenye gurudumu lenyewe, chini ya springi, mahali ambapo kila kilo inaonekana tairi inapopita kwenye tuta la kona. Mabomba ya hewa ya kupoza, vibano na uwiano wa breki vilikuwa vimepangwa kwa kaboni. Na baya zaidi, tangu siku hiyo michoro yake na ya mwenzake haikulinganishika tena kwenye eneo la breki. Timu ilikuwa na dereva wa pili mwenye kasi, chanzo bora cha kujifunzia, ikakata waya. Uamuzi wa chuma ungekuwa na maana kama ungefanywa Desemba, gari lote likipangwa kwa ajili yake, au usifanywe kabisa.

### Tairi

Mfereji wa tairi ya langalanga ya wakati ule ulikuwa na upana wa milimita 14 juu na kina cha milimita 2.5, mifereji ikiachana kwa milimita 50. Kwa 1999 tairi za mbele ziliongezwa kutoka mifereji mitatu hadi minne. Mpira unaobaki kati ya mifereji unakuwa vipande vinavyoyumba. Ukiliteleza gari, vipande hivyo vinakunjika, vinapata joto juujuu, vinaanza kuchunika. Tairi laini isiyo na mfereji inasamehe mtelezo, hii inautoza.

Marekani alilizoea gari linaloteleza kidogo huku turbo ikisukuma. Langalanga ya 1999 ilitaka mikono iliyotulia, gari jembamba lisitikiswe. Cha kushangaza ni kwamba tairi za ligi zote mbili zilitoka kwenye nyumba moja, maana Firestone ni mali ya Bridgestone. Jina la kampuni halikumsaidia kitu.

### Mhandisi na wale waliobaki

Jaribio bora la kisayansi lilifanyika bila mtu kulipanga. Kiti alichokiacha Marekani alipewa kijana wa Colombia, bingwa wa F3000 wa 1998, ambaye alikuwa dereva wa majaribio wa timu ileile ya Uingereza aliyokwenda Mwitaliano. Walipishana tu. Kijana alipewa mhandisi yuleyule, injini ileile, tairi zilezile, akashinda mbio saba na ubingwa wa 1999 katika mwaka wake wa kwanza.

Wapo waliosema: kumbe lilikuwa gari. Hawakumtendea haki. Mwenzake wa timu Mmarekani alikuwa na gari hilohilo 1998 akaachwa kwa alama 116. Usomaji sahihi zaidi ni kwamba ushindi ulikuwa wa kundi zima, dereva akiwa kiungo kimoja chenye thamani kubwa ndani yake. Ukimtoa kiungo mmoja na kuweka mwingine bora, kundi linaendelea. Kiungo aliyetolewa, akiwekwa peke yake kwenye kundi jingine, hana uhakika huo.

Kijana huyo naye alikwenda langalanga 2001, timu ileile, akashinda Monza mwaka huohuo. Njia moja, matokeo mawili. Tofauti inaonekana kwenye kalenda: kijana alikuwa ameishi ndani ya gari la langalanga la kaboni na mifereji 1998, kama dereva wa majaribio, kabla ya kwenda Marekani. Aliporudi alikuwa anakumbuka. Mwitaliano aliondoka langalanga 1994, ikiwa na tairi laini na magari mapana. Alirudi kwenye mchezo mwingine wenye jina lilelile.

Wapo wengine wawili wa kuwapima. Jacques Villeneuve alitoka na ubingwa wa CART 1995, akapewa miezi ya majaribio kabla ya msimu, akashinda mbio nne 1996 na ubingwa wa dunia 1997. Michael Andretti alitoka CART kwenda langalanga 1993, akamaliza katika jukwaa la washindi mara moja tu, Monza, akarudi kwao kabla msimu haujaisha. Kati ya hao wote, mbele ya kipaji, kilichotangulia ni saa walizokaa ndani ya gari jipya kabla alama hazijaanza kuhesabiwa.

Na hapa turudi kwenye ule msimu na nusu aliouhitaji kushinda duaradufu. Marekani alipewa muda huo bila kuuomba, kwa sababu kwenye viwanja vya kona alikuwa analeta ushindi. Langalanga haikuwa na upande mwingine wa kumlipia ada ya kujifunza. Kona zote zilitaka breki.

### Alama zinavyosema uongo

Jambo dogo lakini lina madhara. CART ilitoa alama kwa watu 12 wa kwanza: 20, 16, 14, 12, 10, 8, 6, 5, 4, 3, 2, 1, na moja zaidi kwa aliyeanza wa kwanza na moja kwa aliyeongoza mizunguko mingi. Langalanga ya 1999 ilitoa kwa sita tu: 10, 6, 4, 3, 2, 1. Nafasi yake ya 7 Monza ingekuwa alama 6 Marekani, na nafasi mbili za 8 zingekuwa alama 5 kila moja. Mwaka ulikuwa mbaya kwa mizani yoyote, lakini sifuri ilifanya uonekane kama mtu hakuwepo kabisa. Wanaofanya uamuzi wa mikataba wakitazama jedwali hawaoni kwamba alifuzu wa nne Septemba. Dereva na msimamizi wake wanapaswa kuwa na jedwali lao: nafasi za kufuzu dhidi ya mwenzake, muda uliopotea eneo la breki, mbio zilizokatizwa na mitambo. Hilo ndilo la kupeleka mezani.

### Kilichokosekana kwenye mkataba

Mambo matatu yangeweza kuombwa kabla ya sahihi. La kwanza, siku za majaribio zilizoandikwa kwa idadi, sehemu yake ikiwa kwenye viwanja vya breki nzito kama Monza na Barcelona. La pili, haki ya kuja na mhandisi au angalau mtu mmoja wa takwimu anayemjua. La tatu, uamuzi wa aina ya breki ufanywe kabla gari halijakamilika kuchorwa. La pili lingekuwa gumu kulipata kwa timu kubwa, zina watu wake. La kwanza na la tatu hayakuwa mageni kwa timu yoyote.

## Baada ya hapo

Mwaka 2001 alirudi CART. Safari hii mhandisi wake wa zamani alikuwa na timu yake mwenyewe, akamwita. Ukiamini kwamba siri ilikuwa mhandisi, hapa ndipo ilipaswa kujibu. Haikujibu. Timu ilikuwa changa, daftari la vipimo lilikuwa jembamba, na ligi yenyewe ilikuwa imesonga miaka miwili bila yeye. Nafasi yake bora ilikuwa ya nne, Toronto.

Tarehe 15 Septemba 2001, kwenye duaradufu ya Lausitzring, Ujerumani, alikuwa anaongoza. Zikiwa zimebaki takriban mizunguko 13 aliingia kujaza, akatoka na tairi baridi, gari likamzunguka kwenye njia ya kutokea likaingia katikati ya uwanja. Gari jingine lilimgonga ubavuni kwa kasi kamili. Alipoteza miguu yote miwili. Madaktari wa ligi waliokuwa pale uwanjani ndio waliomfikisha hospitali akiwa hai, na kazi yao ya dakika zile ni kisa kinachostahili uchambuzi wake chenyewe. Siku iliyofuata yule kijana wa Colombia alishinda Monza.

Mwaka 2003 alirudi Lausitzring na gari la CART lililofungwa vidhibiti vya mkono, akamaliza ile mizunguko 13. Kisha akaingia mbio za magari ya milango, yenye umbo la magari ya kawaida ya barabarani, akiendesha BMW ya timu ya Kiitaliano. Mafundi walikaa naye na kupanga upya kila kitu kwa mwili alionao: gesi ikawekwa kwenye pete nyuma ya usukani, akiivuta kwa vidole, klachi ikawekwa kitufe kwenye mti wa gia, breki akaibakiza kwenye mguu wa bandia wa kulia, akiisukuma kutoka kwenye nyonga. Hakuna aliyemwambia ajifunze breki za mtu mwingine. Walipima nguvu ya nyonga yake, wakarekebisha urefu wa mguu na mahali pa pedali hadi presha ikatosha. Agosti 2005, Oschersleben, katika mbio za ubingwa wa dunia za magari hayo, alivuka mstari wa kumalizia akiwa wa kwanza.